Nilichoambiwa na Auntie Peris

Jumatatu, 11 Mei 2026

Mswada umefika kwenye kamati yetu. Ukipita, wakaguzi wa jimbo watakuwa wanaingia nyumba za kutunza wazee bila taarifa. Wanane wanaunga mkono, wanane wanapinga. Nimebaki mimi! Mbunge wa miezi mitano.

Auntie Peris alipiga simu kabla sijafungua ofisi. Ana nyumba mbili za wazee hapa Coon Rapids, Minnesota. Ndiye aliyenipokea nilipofika Amerika, akanipa chumba nikisomea sheria, mwaka jana akanitembeza mlango kwa mlango kwenye theluji kuniombea kura. Kemunto, akasema, huu mswada utatumaliza, najua hutaniangusha. Nikamwambia nitausoma. Nishausoma mara tatu.

Jumatano, 13 Mei

Faili ya Peris iko kabatini. Sijaigusa. Ya nini? Yote nayakumbuka.

Miaka minne iliyopita alikuja kwangu kama mteja, akilia. Mzee mmoja aliteleza bafuni, akalala sakafuni kwa muda wa saa sita bila mtu. Peris akaandika kwenye rekodi: dakika kumi. Mzee akafa wiki hiyo. Familia yake haijui hadi leo. Mimi najua — na wakili hatoi siri ya mteja.

Nijiondoe kwenye kura? Wanane kwa wanane, mswada unakufa. Ni sawa na kumpigia Peris kura.

Mume wangu Ken kauliza mbona sili. Nimesema ni kazi tu. Kweli ni kazi!

Ijumaa, 15 Mei

Saint Paul. Korido ya bunge la jimbo. Mapumziko ya dakika kumi kabla ya kura.

Peris kaja kutoa ushahidi! Hakuniambia. Ameapa. Mwenyekiti akamuuliza kama kuna mzee amewahi kuumia kwake kwa kukosa mtu wa kumwangalia. "Hapana. Hata mmoja." Macho kwangu.

Mwenyekiti: mheshimiwa Kemunto, una swali?

Sina, nikasema. Kasauti kadogo, kama si kangu.

Amenifuata huku nje. Akanishika mkono. "Asante mwanangu, kwa kunyamaza."

Nikamwambia: Auntie, nimenyamaza kwa sababu mimi ni wakili wako. Kura ni ya mbunge, si ya wakili wako.

Akauachia mkono. Hajaondoka. Tumekaa benchi moja, mkoba wake magotini, ananitazama nikiandika.

Karani anatuita ndani. "Kemunto," anasema Peris, pole pole, "yule mzee alikuwa ananiita binti yake."

Mlango unafungwa. Naenda —