Miaka Kumi Niliyomwongezea Madam Nyangau

Mpendwa Shangazi Mellen,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si padri, na wewe nakuandikia kwa sababu gazeti halina macho ya kunitazama. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Rodi Kopany, na naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana mwezi ukiisha fundi wa Homa Bay atachonga uongo wangu kwenye jiwe la kaburi.

Mwalimu wangu wa hesabu, Madam Marcella Nyangau, alifariki mwezi wa nne mwaka jana wa 2025 akiwa na miaka themanini na minane. Shule ya upili alistaafu zamani, Mama akiwa bado anavaa sare ya chekechea, lakini kila Jumamosi alitufundisha bure kwenye veranda yake, ubao ukiwa ni mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi, na katika kila somo alikuwa anaficha kosa moja makusudi, halafu anageuka, anapangusa chaki kwa leso na kuuliza, "Nani ameliona?" Anayeliona anapewa ndizi mbivu za kwao Kisii. Mimi nilikuwa naliona karibu kila mara lakini kuinua mkono siwezi, Shangazi, nikiinua mkono sauti inakimbia, kwa hivyo nilikuwa naandika tu kosa pembeni mwa daftari, na yeye akipita nyuma yangu anasoma, anaweka ndizi juu ya daftari na kuendelea, na wenzangu wanalalamika, "Madam, huyu hajasema!" naye anajibu, "Amesema. Nyinyi ndio mlikuwa mnapiga kelele."

Sasa alipofariki, mwanawe, Anko Mogire, aliniletea daftari ambalo Madam aliandika historia ya maisha yake kwa mkono wake, akaniambia niichape kwenye programu ya mazishi. "Wewe ni mwanafunzi wake," akasema, "mimi siwezi kukagua hesabu yako." Madam alikuwa ameandika kila kitu, kwamba alizaliwa Machi 1937, kwamba alianza kufundisha 1962, kila kitu isipokuwa umri wa kufa, nafasi ameiacha wazi kwa sababu hilo nani anajijulia? Nikatoa 1937 kwenye 2025 huku nalia, nikachukua kumi kwa jirani ili ile tano iweze kutoa saba, halafu nikasahau kwamba jirani amepungukiwa, na mimi huyu ninayepata A kwenye hesabu za logi nikaandika 98. Zikachapishwa nakala mia tatu.

Siku ya mazishi hakuna aliyeona mpaka Mzee Machuki, mpima ardhi mstaafu wa Rusinga ambaye Madam alimfundisha miaka ya sitini, aliposimama kuhutubia, akashusha miwani. "Ngojeni kwanza. Tisini na nane?" Akaliangalia jeneza. "Madam! Hata leo?" Kisha akatugeukia, akapaza sauti, "Nani ameliona?" Shangazi, tenti nzima ilitoa kalamu. Sista mmoja aliandika kwenye kiganja, akina mama wa jikoni walihesabu kwa vidole vyenye unga, afisa mmoja wa polisi akapata themanini na saba na akazomewa, "Afande, wewe ulikuwa unakaa nyuma!" Watu walicheka mpaka kwaya ikashindwa kuanza wimbo. Anko Mogire, akifuta machozi, akasema mama yake ametuachia swali la mwisho, kwamba historia yote aliiandika mwenyewe, na akanitazama. "Si ndivyo, mtoto wangu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo hadithi imefika mpaka Magunga, wanaisimulia hata watu ambao hawakumjua, na Anko ameagiza jiwe liandikwe "Miaka 98. Nani ameliona?" Tena analitaka lile daftari alionyeshe watu kwenye misa ya kumbukumbu, na ile nafasi bado iko wazi. Jana nilijaribu kuiga tisa yake yenye mkia mrefu kwenye karatasi nyingine, nikarudia mara kumi na nne, na ya kumi na nne imefanana kabisa. Sasa niandike? Ama nikisema ukweli si nitakuwa nimewanyang'anya watu kicheko, na Anko ambaye hakuwa amecheka tangu mama yake augue? Na nitamwambiaje na sauti yenyewe ndiyo hii? Nasikia patipati za Mama zinakuja mlangoni, naificha hii karatasi ndani ya atlasi, jina langu tafadhali usili—

*Shangazi Mellen anajibu:*

Binti yangu, weka hiyo kalamu chini. Ile karatasi ya tisa kumi na nne itie jikoni leo, iwashie moto wa ugali. Kukosea kutoa si dhambi. Mimi mwenyewe nimeifanya hesabu yako mara mbili, na jibu la mara ya kwanza sitalitaja gazetini. Kuitikia kwa kichwa mbele ya umati, ukiwa umefiwa, nakuelewa pia. Lakini kuandika kwa mwandiko wa marehemu ndani ya daftari lake? Huko ni kughushi, na huyo mama hakukulisha ndizi miaka yote hiyo ili uhitimu kughushi.

Halafu unajipa ukubwa usio wako. Unadhani kicheko kile ni mali yako, ukisema ukweli kitarudi dukani? Watu wazima walitoa kalamu matangani bila kulazimishwa na mtu. Hiyo ni kazi ya Madam Nyangau, aliifanya kabla hujazaliwa. Tena nikuulize, mwalimu aliyeficha makosa tangu 1962 angeficha la rahisi hivi, la mtoto wa darasa la tatu? Unamshushia heshima! Mzee Machuki akitulia atalifikiria hilo mwenyewe, na ni afadhali Mogire alisikie kwako kabla hajalisikia kwake.

Mwambie Mama yako kwanza, maana mama hadanganywi na atlasi, naye akusindikize. Mfike kwa Mogire asubuhi, kabla hajatoka. Sauti ikikimbia, iache ikimbie. Fungua ukurasa ule wenye nafasi wazi, weka kidole hapo, useme maneno matano: "Tisini na nane ni yangu." Akikasirika, kaa. Akicheka, kaa vilevile. Mwombe ampigie fundi simu mkiwa mmeketi hapo hapo, na usinyanyuke kitini mpaka umsikie kwa masikio yako akimwambia: miaka themanini na minane.