Ukinisikia Nasema Kata

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada, kazini huitwa Jicho
Umri: miaka 34
Kazi: mpiga picha wa filamu
Makazi: chumba cha kupanga, nyuma ya kiwanda cha magodoro

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, na akili zangu ni timamu, ingawa kaka yangu anasema zimeruka.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, tulikuwa tunapiga filamu kwenye ghala la kukodi. Mwongozaji ni kaka yangu wa tumbo moja. Mimi nilikuwa kwenye kamera ya sinema ya kidijitali, ile ambayo ukishaifunga lenzi na betri inataka watu wawili kuinyanyua. Fundi seremala aliyetutengenezea meza na rafu za ghalani alipewa kisu, akate kamba iliyoshikilia gunia la mchanga. Gunia lilitakiwa kuanguka mezani, mwigizaji akiwa ameshapita. Fundi mbao anazijua, lakini hajawahi kuwapo watu wakipiga filamu.

Kwenye mazoezi kaka alimwambia, "Mzee, ukinisikia nasema kata, wewe kata. Usiulize."

Fundi akasema, "Basi na hili nisiulize: nikate mara moja, au nianze kwa kupima?"

Tulicheka sote. Afande, kwetu sisi "kata" ni neno la kusimamisha kamera. Kila mtu pale ndani alilijua, isipokuwa mwenye kisu.

Tulipoanza kupiga, mwigizaji alisahau maneno yake. Akasimama palepale mezani, akaangua kicheko. Kaka kwa hasira akapaza sauti, "Kata!" Nikapeleka kidole nizime kamera, na kabla sijazima nikasikia kamba inafyatuka. Gunia lilimwangukia mwigizaji begani, likamlaza chini. Bega limevunjika. Fundi alibaki na kisu mkononi akisema, "Si umesema kata? Si umesema mwenyewe?"

Nimeambiwa kaka ameandikisha kwamba ishara waliyokubaliana ni kuinua mkono, na kwamba fundi alikuwa na ugomvi na mwigizaji. Ugomvi ninaoujua mimi ni mmoja: mwigizaji alikalia kiti chenye rangi mbichi, na fundi akamwambia hiyo suruali sasa aiache, imeshakuwa samani. Kwa maneno hayo ya kaka, mtu mzima analala mahabusu kama mhalifu. Hilo linanichukiza, na ninaomba liandikwe.

Sauti ya filamu hurekodiwa na mashine yake pembeni, na wakati wa mazoezi ilikuwa haijawashwa. Kaka analijua hilo. Alichosahau ni kwamba kamera nayo ina maikrofoni yake ndogo, hafifu, ya kutusaidia kuoanisha picha na sauti. Watu huidhani kamera ni macho tu. Nami mazoezi huyarekodi daima, maana waigizaji wengi hucheza vizuri pale wanapodhani bado.

Jana jioni kaka alikuja kwangu. Alisema, "Mdogo wangu, ifute hiyo kadi. Damu ni nzito kuliko maji."

Nikamwuliza, "Na ya fundi ni maji?"

Akasema nikija hapa nisimwite tena kaka. Aliondoka bila kugusa chai niliyomwekea. Niliumia, na hata sasa ninaumia, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kushika kamera na ndiye aliyenipa hilo jina la Jicho. Sikuja kumchongea. Njia ya mwongo ni fupi, na nisingependa kaka yangu aifuate hadi mahakamani.

Nakabidhi kadi ya kumbukumbu ya kamera. Yamo mazoezi na imo ajali. Sijaikata popote.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na hata nikisimamishwa mbele ya kaka nitayasema hivihivi.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Kadi nimeipokea. Kipande cha mazoezi tumekisikiliza pamoja na shahidi. Neno linasikika, na kicheko pia. Nimemsomea maelezo yake, akayakubali. Kwa kuwa machozi yalikuwa yakimtoka, nilimshauri tuandike "mwongozaji" kila palipo na "kaka". Alikataa. Alisema, "Yeye ndiye aliyekataza, afande. Mimi sijakubali. Andika kaka."