Kiwanja cha Chini ya Mfereji

Guildford, Sydney
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, maana ya kwanza ni ya leo na hii ni ya siku zote ambazo sikuandika. Goti linaendeleaje? Deo ameniambia umeanza kupanda ngazi za kanisani bila fimbo. Nimemjibu akuangalie vizuri kwanza, asije akawa anakusifu kwa sababu kuna kitu anakitaka. Natania, mama. Sisi huku ni wazima. Baridi imeingia, na baridi ya huku haina ukungu wala moshi wa jikoni wa kuipunguza, inakufuata mpaka kitandani. Nuru anakwenda shule na sweta mbili. Baba Nuru anakusalimu sana. Bado yuko kwenye maghala ya Wetherill Park, anaendesha ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na mgongo siku hizi umempa nafuu.

Najua unasoma haya miwani ikiwa imeshuka puani na kalamu nyekundu iko mkononi. Umestaafu ualimu lakini mkono haujastaafu. Weka alama zako popote unapotaka, ila leo usinikate maneno mpaka nimalize, kwa sababu leo ninajibu lile swali.

Swali lenyewe nimelisoma mara nyingi mpaka nimelikariri. Deo anaoa. Rose ni msichana mzuri, umempenda, na mimi nimempenda kwenye picha. Kihambani, kwenye shamba la ukoo, hakuna pa kuweka nyumba nyingine isipokuwa kile kiwanja cha chini ya mfereji, na kile ni changu. Ukaniuliza kwa upole wako: "Anjela, utarudi kujenga, au mdogo wako ajenge?" Ukaongeza kwamba hutanilaumu kwa jibu lolote. Mama, nimekaa na maneno hayo tangu Pasaka. Hukuniuliza mara ya pili, na hilo ndilo lililoniumiza, maana najua jinsi ulivyo mvumilivu ukiwa na wasiwasi.

Unakumbuka siku marehemu baba alipokikata kile kiwanja. Nilikuwa sekondari, nimevaa sketi ya shule. Baba mdogo Aloisi alisimama juu ya mfereji mikono nyuma, akasema mtoto wa kike hapewi kihamba, ataolewa na ardhi itaondoka naye. Baba hakubishana naye hata kidogo. Alichimba, akapanda isale ya mpaka kwenye kila pembe, akaniita nishindilie udongo kwa miguu yangu mwenyewe. Viatu vilijaa matope na wewe hukunigombeza. Kwa hiyo kuandika tu "mpe Deo" kulinishinda. Niliona kama nitakuwa nimevuka bahari kumwambia baba mdogo kwamba alisema kweli.

Sasa nikueleze kilichonifungua, na utacheka.

Kampuni yetu ya kutunza wazee imenipangia mzee mmoja, mjane, anakaa karibu na Liverpool. Nachukua treni asubuhi. Anaitwa Walter, mimi namwita Mzee Walter na amekubali, hata simu yake anapokea hivyo akijua ni mimi. Ni Mwingereza, alikuja huku kijana kabisa kwa meli na hajarudi. Kazi yangu ni kumwogesha, kumpikia na kumpa dawa. Kazi yake yeye, mama, ni kukusanya hati za ardhi za zamani.

Wala si ardhi yake. Ni ardhi ya watu waliokufa kabla bibi yake bibi yako hajazaliwa. Tena si za Uingereza yote, ni za mkoa mmoja tu unaoitwa Dorset, kwa sababu ndiko alikozaliwa. Hati ya mkoa wa jirani hata umpe bure haitaki. Anazivizia kwenye minada ya mtandaoni, zinakuja kwa posta: hati za mauziano, wosia, mikataba ya kupangisha mashamba, na vitabu vya makanisa vilivyoandikwa kwa mkono. Nyingi zimeandikwa juu ya ngozi ya kondoo iliyokwanguliwa ikawa nyembamba, na chini yake inaning'inia lakiri nyekundu. Zimejaa meza ya kulia, zimejaa kitanda cha wageni, na sisi chakula tunakulia jikoni. Binti yake akija Jumamosi husimama mlangoni na kusema, "Dad, one day this will all catch fire," yaani siku moja haya yote yatashika moto. Mzee hujifanya betri ya kifaa chake cha masikio imekwisha.

Mwanzoni nusura tukosane. Ilikuja ngozi moja ina unyevu, inanuka uvundo. Mzee alikuwa amelala. Nikafanya kile ambacho ungefanya wewe: nikaitoa nje, nikaitandaza juani, nikaiwekea vijiwe pembeni upepo usiipeperushe. Kwetu nani asiyejua kwamba ngozi inaanikwa? Niliporudi kuitazama ilikuwa imejikunja na kukakamaa, ukiigusa inalia. Mzee hakupiga kelele. Aliishika mapajani, akakaa nayo, na chai hakunywa. Mama, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kesho yake nilikwenda nikijua nitafukuzwa. Akanituma nitafute boksi la plastiki lenye mfuniko. Tukaweka taulo lenye maji chini, juu yake waya wa kupozea keki, na juu ya waya ile ngozi, isiguse maji bali inywe ule unyevu tu. Tukafunika. Ikachukua muda wake, ikalegea taratibu, kisha tukaikunjua pamoja kidole kwa kidole na kuibana chini ya vitabu vizito. Haikurudi kama ilivyokuwa, pembeni ina mawimbi, lakini maandishi yanasomeka. Akaniambia kondoo yule aliishi kwenye mvua maisha yake yote, si vibaya ameota jua la Sydney mara moja. Ndipo nikajua nimesamehewa.

Tangu siku hiyo tunafanya wote. Macho yake yamefifia, kwa hiyo mimi nashika kioo cha kukuzia naye ananifundisha herufi zao, maana S yao ni ndefu kama F na mwandishi mwenyewe unaona alikuwa na haraka. Nimeanza kuwapenda watu wale. Kuna mwanamke mmoja katika wosia amemwachia dada yake chungu na ng'ombe mwekundu, na akasisitiza ng'ombe ni yule mwekundu, si mwingine.

Kumbe katika zote hizo alikuwa na moja anayoitafuta, hati ya shamba alilozaliwa. Ikaonekana kwenye mnada, akaipata, nikaenda kuichukua posta na kuibeba kwenye treni nimeikumbatia. Tulipoifungua alinawa mikono, akaikausha, akaniambia nimsomee majina ya makonde tu. Nikasoma: Konde la Kisima, Konde Refu, Konde la Mjane. Kila jina alikuwa anaitikia kwa kichwa na kunionyesha kwa kidole hewani lilikokuwa, hili kushoto kwa zizi, lile huko kwenye mteremko.

"Jina la baba yako liko wapi?" nikamuuliza.

"Halipo," akasema. "Halimo humu wala katika nyingine yoyote. Sisi tulikuwa wapangaji. Baba alilima pale mpaka mgongo ukapinda, mwenye shamba akauza, tukaambiwa tuhame."

Yeye akaigeuza upande wa nyuma, kuna mistari michache na majina ya watu, akanieleza maana yake. Zamani zile, mama, maandishi peke yake hayakutosha. Muuzaji na mnunuzi walikwenda wote shambani pamoja na majirani. Muuzaji akachota bonge la udongo na kukata kijiti palepale, akamtia mwenzake mkononi watu wote wakiona. Hapo ndipo ardhi ilipohama. Ngozi iliandikwa tu ili jambo lisisahaulike, na majina ya waliosimama pale yakawekwa nyuma.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Watu wale na kanzu zao na nta yao, na kumbe wanafanya mambo ya kwetu Kibosho! Nikamweleza isale ni mmea gani, jinsi unavyopandwa mpakani na hakuna anayethubutu kuung'oa, na kwamba mbege, pombe yetu ya ndizi, isiponywewa hakuna kilichofanyika. Alifurahi, akataka nilitamke neno isale tena na tena. Kisha akauliza kama na mimi ninalo shamba. Nikamwambia ninacho kiwanja.

"Nani anakitunza?"

"Mama yangu. Na mdogo wangu anakikatia nyasi."

"Anakihitaji?"

"Anaoa."

Akasema, "Ngozi zote hizi, Anjela, na hakuna hata moja inayoweza kuotesha kiazi." Nikacheka, yeye hakucheka. "Unajua kinachoniuma? Si kwamba tulihamishwa. Ni kwamba baba yangu, mkulima yule, hakuwa na bonge la udongo la kumtia mtu mkononi. Hakuwahi kuwa upande wa anayetoa."

Nilimaliza kazi, nikamfunika blanketi, nikapanda treni. Mama, nililia kituoni Liverpool bila kujificha. Nilikuwa nimeshikilia kile kiwanja kama kitu ambacho nikikiachia nimenyang'anywa. Sikuwahi kukiona kama kitu ninachoweza kukitoa.

Nyumbani nikamweleza Baba Nuru. Unamjua mkwe wako, hana maneno mengi, na Kiswahili chake cha Bukavu hakijanyooka mpaka leo. Aliendelea kumenya viazi, akasema, "Weye uko na bahati, Mama Nuru. Kule kwetu mutu alisha jenga ndani ya parcelle, ile kiwanja ya papa, na hakuna hata mumoja alituuliza. Weye mama yako anakuuliza. Umujibu vizuri." Nuru naye, kwa Kiingereza chake, akataka kujua kama kwenye kiwanja hicho kuna intaneti. Huyo ni mjukuu wako, utanisaidia kumfundisha.

Basi jibu langu ni hili. Deo ajenge.

Lakini asijenge kwa sababu mimi sipo, wala kwa sababu mimi ni mtoto wa kike. Ajenge kwa sababu dada yake amempa. Nakuomba, mama, usimwache aingie pale kimyakimya na mafundi wake. Pika mbege. Mwite baba mdogo Aloisi, mpe kiti cha mbele, na majirani wa juu na chini ya mfereji waje. Wewe uchote udongo wa kiwanja kwa mkono wako, kwa kuwa wangu haufiki, umtie Deo kiganjani, na useme kwa ile sauti ya darasani: "Hiki ni cha Anjela, alipewa na baba yake, na leo anampa mdogo wake." Baba mdogo asikie kila neno. Akitaka kusema ardhi imeondoka na mwanamke, aangalie imekwenda wapi. Wala usimkasirikie, mpe kibuyu cha kwanza. Mtu hawezi kutoa kisicho chake, na siku hiyo wote watakuwa mashahidi kwamba kilikuwa changu.

Mwambie Deo asiogope, sitageuka. Mlango auelekeze kwenye mlima, sio barabarani kama walivyofanya wale wa juu. Hilo si sharti, ni ushauri wa dada.

Mzee Walter hajambo. Nilidhani baada ya kupata hati ya shamba lao atapumzika, lakini jana tu amenunua nyingine, ya kinu cha kusaga nafaka. Anasema baba yake alikuwa akipeleka ngano pale.

Nisalimie baba mdogo Aloisi, tena umsalimie kwanza kabla ya wengine. Nisalimie shangazi, umwambie dawa za macho alizoagiza nimezipata. Wifi yangu mtarajiwa Rose umkumbatie, umwambie Baba Nuru, aliyejifanya kaka yake mkubwa wa huku, anasema mahari isipungue ndizi. Padri naye umwambie bado naimba kwaya, ingawa huku sauti ya tatu tuko wawili tu.

Nimebakiza jambo moja, na nimelizungukazunguka tangu nianze kuandika. Baada ya kuamua, usingizi ulikataa kuja. Niliwaza, sasa siku nikija nyumbani nitafikia wapi, na mimi sina tena mahali? Nikawaza sana. Kisha nikakumbuka kwamba kila nilipokuja, begi likiwa bado uani, nilikuwa siendi kuangalia kiwanja. Nilikuwa naingia moja kwa moja chumbani kwako na kujitupa kitandani na viatu, nawe unapiga kelele za shuka. Sijawahi kufikia penginepo. Kwa hiyo kiwanja mpe Deo kwa moyo mweupe, na wewe mama nikija, usogee tu upande wa ukutani.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda kuliko ninavyoweza kuandika bila makosa,

Anjela