Taa Ilikuwa Rangi Gani

Jumanne, 5 Novemba 2019

Ajali leo pale njia panda ya duka la dawa. Gari la mikate limemgonga mtoto wa kike aliyekuwa anavuka na baiskeli. Mguu umevunjika, lakini alikuwa analia, anaongea, anamwita mama yake – afadhali. Dereva ni kijana tu, Eirik. Alikaa chini kwenye lami, mvua inamnyeshea, anarudia: ilikuwa kijani, ilikuwa kijani.

Mimi na mume wangu Torleif tulikuwa ukingoni mwa barabara hapo hapo. Kufika nyumbani, Torleif anasema eti ni kweli, taa ya magari ilikuwa kijani. Nikamwambia hapana, mume wangu, nyekundu, nimeiona kwa macho yangu. Akanitazama kidogo. "Sawa, mheshimiwa." Ndivyo anavyonijibu kila nikimsahihisha, miaka arobaini na sita sasa.

Samaki nimewaunguza.

Jumatano, 6 Novemba

Kapiga simu Ingvill, wa polisi. Sauti ya upole. Atatuhoji Jumanne ijayo, kila mtu peke yake. Mpaka siku hiyo anaomba tusizungumze habari za ajali, hata mezani. Watu wawili wakisimuliana, anasema, alichoona mmoja huhamia kichwani mwa mwenzake, na mwenyewe hajui kimeingia saa ngapi. Na nisijaze mapengo. "Sijui" ni jibu zuri kama jibu lolote.

Nikasema sawa. Lakini tutaongea nini basi? Nyumba yetu ni ya maneno. Na tangu daktari alipotuambia mwezi wa tisa kwamba kumbukumbu ya Torleif imeanza kupungua, mimi ndiye ninayemkumbusha kila kitu. Dawa zake. Siku ya wiki. Jina la jirani.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekwenda kununua maandazi ya mdalasini. Yule mama wa duka la mikate macho mekundu. Eirik ni wa kwao, ana mtoto wa miezi miwili. Ikithibitika kwamba alipita taa nyekundu, leseni basi, na huenda akafungwa. Anasema kuna mashahidi wawili tu, mke na mume fulani. Hakujua anaongea na nani.

Nikaingiza mkono mkobani nitoe pochi. Nikashika pakiti ya vitambaa vya karatasi. Imechanwa, kimoja kimechomoka nusu. Nikasimama pale nimeganda.

Pua ya Torleif huvuja kukiwa na baridi. Jumanne nilikuwa nimeinamisha kichwa mkobani, namtafutia kitambaa, nikasikia kishindo. Ndipo nilipoinua macho. Taa ilikuwa nyekundu – wakati huo. Kabla ya kishindo sikuona taa yoyote. Niliona pochi, funguo na peremende.

Lakini mbona picha nzima ninayo? Gari linakuja, taa nyekundu juu yake, mpaka matone ya mvua kwenye kioo. Nimeitengeneza mwenyewe, na inang'aa kuliko ya kweli.

Jumapili, 10 Novemba

Siku ya akina baba. Marit, binti yetu, kampigia baba yake. Nilikuwa jikoni naoka wafuli, zile chapati nene za mayai na maziwa tunazokula na jibini. Kabla sijaifikia simu, namsikia Torleif anamsimulia ajali: kijana kapita taa nyekundu kama mtu anayekimbia mvua.

Maneno yangu hayo! Nilisema mimi, Jumanne ile, nikiwakaanga samaki. Sasa ni yake. Anayasema kwa furaha ya mtu aliyekumbuka.

Nataka nimwambie: rudi kwenye lile la kwanza, ulisema kijani. Lakini hilo nalo litakuwa kumfundisha. Tena pengine ni yeye aliyekosea, nami nimepatia kwa bahati. Sijui. Maji yakishamwagika hayazoleki. Kinachoniuma ni kwamba Torleif alikuwa ameona kitu kwa macho yake mwenyewe, nami nikamnyang'anya. Na siku hizi vya kwake vimebaki vichache.

Akaniuliza mbona niko kimya. Umenuna? Nikasema sijanuna. Akanimegea nusu ya wafuli yake, upande wenye jibini nyingi. Nampenda mzee huyu mpaka nakasirika.

Jumanne, 12 Novemba

Naandika kwenye benchi la kituo cha polisi. Torleif yuko ndani.

Asubuhi nilimfunga tai. Mlangoni akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Borghild, ile taa tulisema ilikuwa rangi gani?"

Tulisema. Jibu lilifika ulimini. Nikalimeza.

"Mwambie ulichokiona wewe."

"Na nikikosea?"

"Kosea tu, mume wangu."

Akanitazama utadhani nimempa zawadi, hajui aifungulie wapi.

Yuko humo muda mrefu. Huyu Ingvill hamkatizi mtu. Tulipofika alimwambia aanze popote anapotaka, asiharakishe, kunyamaza pia ruhusa. Nyumbani nani anamngoja Torleif amalize sentensi? Mimi humalizia.

Katoka. Tai imekwenda upande, uso umetulia. Kakaa karibu nami. Nataka kumuuliza, na hairuhusiwi, naye anajua kwamba nataka. Anatabasamu kwa upande mmoja.

"Mheshimiwa," kasema, "sema ya kwako. Ya kwangu nimeshayasema."

Ya kwake yapi? Sitauliza. Pua inamvuja. Nimetoa kile kitambaa kilichochomoka nusu, hakukipata siku ile, nikampa.

Ingvill kafungua mlango, ananiita. Ya kwangu ni mkoba tu. Nianzie hapo: nilikuwa natafuta kitambaa, taa sikuiona.