Mwenzi wa Meneja

Mikumi, 2 Juni 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na hapo Masanze mmeamkaje? Mimi mzima, ingawa jiko la hoteli hii linatupika sisi wapishi kabla ya chakula. Simu najua huisikii, kwa hiyo barua zangu zitapita kwa konda Innocent, atakukabidhi mkononi.

Yeye ndiye aliyeniambia Sista amekufa. Nimemlilia sungura, mama, wenzangu wakanicheka. Sasa Meneja amebaki mwenyewe na miaka yake minane. Nimemuuliza bwana mifugo mmoja anayekuja kula hapa, akasema sungura aliyezoea mwenzi akiachwa peke yake anaweza kususa chakula mpaka afe. Jirani yangu Siwema anafuga, yuko radhi kutupa jike moja pole. Nilichukue?

Na wewe nakuuliza hilohilo. Tangu baba atutoke Oktoba iliyopita, umebaki na kuta. Chumba changu kinaingia kitanda cha pili. Kiumbe hakuumbwa akae peke yake, awe sungura awe mtu.

Mwanao,
Brightness


Masanze, 9 Juni 2025

Mwanangu Brightness,

Marahaba. Nashukuru umeamka salama. Mimi nipo, magoti yananung'unika kama kawaida yake, mahindi yanakauka vizuri shambani.

Ya Meneja ni kweli. Analala upande wake uleule wa banda hapa jikoni, upande wa Sista kauacha wazi. Matembele hayamalizi. Lakini kumletea mzee mwari si jambo la kukurupukia. Anaweza kumng'ata, au yeye ndiye akang'atwa, nami nikampoteza kabisa.

Nikuambie ukweli, naogopa. Huyu ndiye kiumbe pekee aliyebaki aliyependwa na baba yako kila siku. Unakumbuka marehemu alivyokuwa akirudi na majani? Anasimama mlango wa jikoni, anapiga kisigino chini mara moja, nao wanamjibu kwa mguu kabla hajafungua banda. Masikio yangu yamekufa, ila nyayo bado zina akili. Nilikuwa naupata mshindo ule kupitia sakafu, nikajua mume wangu karudi. Siku hizi kila alasiri Meneja anapiga mguu mara moja, halafu anangoja. Hajibiwi. Ninamhurumia mpaka chakula kinanishinda.

Kuhusu kuhamia Mikumi, kwanza tumalize la sungura.

Mama yako


Mikumi, 13 Juni 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nachambua mchele, ikabidi niuchambue upya.

Usiogope. Siwema anasema wazee hawaunganishwi kwa ghafla. Unachukua kitambaa alicholalia mgeni, unakiweka upande ulio wazi wa banda kwa wiki nzima. Mwenyeji akikizoea na kulala karibu nacho, basi mgeni ameshakubaliwa kabla hajafika. Kwa sungura, harufu ndiyo hodi.

Jike tumemwita Karanga kwa rangi yake. Kitambaa chake nitakituma safari ijayo ya Innocent. Wewe kiweke tu, kisha uniandikie Meneja amefanya nini.

Mwanao,
Brightness


Masanze, 27 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba, na pole na kazi. Afya yangu nzuri. Nzuri kuliko mwezi uliopita, nalala vizuri na nakula.

Kitambaa hakikufika. Nasikia basi la Innocent liko gereji, barua hii nampa konda mwingine. Meneja naye akasusa chakula siku tatu, nikaona mfupa wa mgongo wake unatokeza. Nikafanya jambo, na sasa nalikiri kwako kwa sababu sina mwingine.

Siku ya kugawa nguo za baba yako, wazee walisema kisibaki ndani kitu alichovaa, kwamba nguo ya marehemu ikibaki na mjane, mwenyewe hasafiri. Baba yako mdogo Samson aliliulizia lile koti la kijani la kukatia majani, maana ni haki ya mdogo mtu. Nikamwambia liliungua. Uongo, mwanangu. Nililifukia ndani ya gunia la pumba. Nilishindwa kulitoa.

Basi ndilo nililoliweka bandani, upande wa Sista. Siku ileile Meneja akala. Kesho yake majani ya pande zote mbili yalikuwa yameisha, nami nilifurahi kama mtoto.

Siku ya nne, alasiri, nilikuwa nimekaa jikoni nimevua ndala. Meneja akapiga mguu. Akajibiwa. Mshindo wa pili haukutoka bandani, Brightness. Ulitoka mlangoni. Nikageuka, hapakuwa na mtu, ila jua limeingia mpaka kwenye mafiga.

Tangu siku ile ni kila alasiri.

Mama yako


Mikumi, 1 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nne, na leo nimeunguza maharage ya wageni. Nakuomba kwa heshima zote: litoe koti hilo. Niliyokuandikia kuhusu harufu yalikuwa ya sungura. Likunje, uliweke nje, na Jumamosi tarehe 19 nimepata ruhusa, nitakuja mwenyewe nilipeleke Munisagara kwa baba mdogo na kumwomba radhi kwa niaba yako.

Karanga anakuja na barua hii ndani ya tenga. Mweke na Meneja hata leo. Akipata mwenzi wa kweli, haya mengine yatakoma. Ninaogopa, mama, sitaki kukuficha.

Mwanao,
Brightness


Masanze, 8 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Karanga amefika salama, mzuri, macho makubwa. Umechagua vema.

Meneja hakumkataa. Alimnusa, akamlamba masikio, nikasema Mungu mkubwa. Lakini Karanga alipogeukia upande wa koti alisimama, kisha akarudi kinyumenyume taratibu, kama mtu anayempisha mkubwa wake. Akatoka bandani. Sasa anaishi chini ya meza, na majani nampelekea hukohuko.

Nilikwenda kulitoa koti kama ulivyoniagiza. Sikukaidi. Nilipoligusa lilikuwa na joto. Utasema Meneja amelilalia? Alikuwa kwangu, nimempakata. Nikalirudisha mahali pake na kumfunika vizuri.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Miezi tisa sikuwahi kukaa jikoni bila kujiona mjane. Siku hizi najisahau.

Mama yako


Mikumi, 12 Julai 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Umeandika kwamba umerudisha koti na "kumfunika vizuri". Umemfunika nani, mama?

Nakuja Jumamosi. Fungasha nguo zako, tutarudi wote Mikumi, wewe na Meneja na Karanga. Kitanda nimeshakitandika. Nijibu kwa Innocent anaporudi, hata mstari mmoja.

Mwanao anayekupenda,
Brightness


Masanze, 17 Julai 2025

Mwanetu Brightness,

Marahaba mwanangu. Usilie kwa nitakayokuambia. Meneja amekufa Jumanne asubuhi, kwa uzee, bila taabu. Nimemzika chini ya mpapai karibu na Sista wake.

Nilikusudia kukutii. Nililikunja koti nikaliweka juu ya kiti, tayari kwa Samson. Nikavua ndala, nikakaa kumlilia sungura wangu.

Alasiri mshindo ukaja, mlangoni. Mmoja. Ukangoja. Sasa aliyekuwa akijibu ndiye aliyekuwa akiita, na wa kumwitikia hayupo tena. Karanga alijikunyata chini ya meza. Jana vilevile, mmoja, kisha ule ungojaji ambao nyayo zangu ziliuona mrefu kuliko siku ya mazishi. Nikakumbuka maneno yako mwenyewe, mwanangu, kwamba kiumbe hakuumbwa akae peke yake. Nilijaribu kukaza moyo na sikuweza. Miaka thelathini na sita nimemfungulia mlango huo.

Nikanyoosha mguu, nikapiga kisigino chini mara moja.

Tangu hapo nyumba imetulia, na furaha niliyo nayo siwezi kuiandika yote. Karanga namrudisha kwa Innocent. Mrudishie Siwema na shukrani zangu, hapa tumetosha. Kile kitanda mpe mwenye shida. Na baba yako mdogo mwambie asilingoje koti, lina mwenyewe.

Jumamosi karibu sana. Ila usiingie moja kwa moja kama ulivyozoea. Simama mlango wa jikoni, piga kisigino, ungoje ujibiwe.

Wazazi wako