Si Kipofu Hiki

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Udongo umekufunika, lakini adabu haizikwi, kwa hiyo naanza kwa salamu.

Jana niliitwa kwenye ile Nyumba ya Wazee iliyo nje ya mji wa Sumbawanga. Kamati yake iliniomba niikague na kusema kama utunzaji wake ni mzuri, kwa kuwa watu wa vijijini wameanza kuuliza maswali kabla ya kuwapeleka wazazi wao. Walinichagua mimi, walisema, kwa sababu ni mwalimu mstaafu na sipendi mzaha. Jibu langu kwao litakuwa fupi. Hili refu nakuandikia wewe uliyelala kaburini, na mwingine akitaka kulisoma, na alisome.

Unakumbuka nilipotoka shule ya misheni kichwa kikiwa kimenivimba kwa sarufi? Ulikuwa umekaa mlangoni unapepeta ulezi, macho yako yakiwa bado mazima. Nilikusimamia kama mkaguzi nikakufundisha Kiswahili: kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mtu anakuja, watu wanakuja. Ulirudia neno kwa neno, ungo ukicheza mikononi. Kisha ukaniuliza, "Na kipofu je? Mbona naye anaanza kama kiti?"

Nilijibu kwa majivuno, "Kipofu anakuja, Shangazi. Si kinakuja. Hata jina lake likianza kama la kiti, yeye ni mtu."

Ulicheka mpaka makapi yakakuingia puani. "Kumbe wenye Kiswahili wana adabu," ulisema. "Mimi nilidhani wana kodi tu."

Tangu siku hiyo, kila mgeni alipobisha hodi, ulikuwa unaniuliza kwa sauti kubwa, "Anakuja au kinakuja?" Mgeni asiyejua mambo yetu alishangaa mlangoni.

Baadaye macho yako yaliingia giza. Mimi nilikuwa nafundisha Kirando, kule chini ziwani, mbali nawe. Mvua ilipobomoa nyumba yako, wanaukoo wetu walikaa kikao wakagundua kwamba kila mmoja wao ana nyumba ndogo. Nyumba za ukoo wetu ni za ajabu. Siku ya harusi zinatosha watu wa vijiji vitatu. Kikongwe mmoja hazimtoshi. Wakakupeleka kwenye Nyumba ile ya Wazee, wakarudi wakiwa wamechoka kwa wema wao, wakanywa pombe ya ulezi. Mimi niliambiwa nilipokuja likizo, tena kati ya habari za mahindi na habari za ng'ombe.

Nilipokufuata, kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa mawe. Yalikuwa yamepangwa kando ya njia, yote yamepakwa chokaa, meupe kama mayai. Nilistaajabu. Kisha nikaiona miguu ya wazee waliokaa juani kwenye benchi, nikaona nyufa za visigino ambazo hakuna aliyezipaka hata mafuta ya kula. Nilielewa papo hapo kwamba katika nyumba hii wanaotunzwa ni mawe.

Ulinitambua kwa hatua zangu. Ulinishika mkono ukauvuta mpaka nikainama. "Nitoe hapa," uliniambia, "kabla sijawa kiti." Sikukuelewa mara moja. Nilidhani unalalamika kwa kukalishwa muda mrefu.

Pembeni yako alikaa yule mzee mfua chuma, ambaye vidole vyake havikuweza tena kushika nyundo. Akaniambia, "Mwalimu, tusalimie upesi. Leo sisi ni maharusi. Jioni tunaachika."

"Kuna nini leo?"

"Bwana wa boma anakuja kutukagua. Umeliona hili blanketi jekundu? Usilizoee. Nalo ni mgeni, litaondoka naye."

Wewe ukaongeza, "Mimi sioni, lakini nililijua kwa harufu ya duka. La kwetu lina kunguni tunaowajua kwa majina."

Mkacheka, watu wawili mnaotetemeka kwa baridi ya Juni, nami sikuweza kucheka pamoja nanyi.

Ndipo alipotokea msimamizi. Jina lake silitaji. Yeye hakuwahi kuuliza lako. Alikuwa amevaa kofia iliyopigwa brashi, na alitembea kwa ncha za viatu ili asiyachafue mawe yake. Bwana aliposhuka kwenye gari, msimamizi alisimama wima akatoa taarifa. "Vikongwe vyote vimeoga, Bwana. Vimekula. Vimeshiba."

Shangazi, nimesahihisha madaftari kwa miaka mingi. Nimesoma makosa ya wavivu, ya wagonjwa na ya wapumbavu, nami nayajua kwa sura. Hili halikuwa kosa la asiyejua. Mtu huyo alisema "askari wamekuja" na "watoto wamelala" bila kukosea hata mara moja. Alijua vizuri mahali pa kuwaweka watu. Ninyi aliwaweka kwenye vyungu na viatu, kwa makusudi, mbele ya mgeni, na ulimi haukumkwama.

Bwana alimwuliza mfua chuma kuhusu chakula. Mzee akajibu kwa Kifipa kwamba uji ni mwepesi kiasi kwamba akiinamia bakuli anauona uso wake, naye hapendi kuuona. Msimamizi akatafsiri, "Anasema uji unamfurahisha."

"Hakusema hivyo," nilisema.

"Mwalimu, hapa si darasani," alinijibu huku akitabasamu kwa ajili ya Bwana. Kisha akakuelekezea wewe mkono, kama mtu anayeonyesha kabati lililoharibika. "Kipofu hiki hakisikii vizuri, Bwana. Tuendelee."

Ukainua uso. Sikuwa nimewahi kukusikia ukisema Kiswahili mbele ya mtu wa serikali, wala sikujua kwamba ulikuwa umeyahifadhi yale masomo ya mlangoni kwa miaka yote hiyo. Ulisema polepole, kila silabi mahali pake: "Kipofu anasikia. Si kinasikia. Kisichosikia ni kiti."

Bwana alicheka. Alidhani umemfanyia mzaha wa kizee. Akatazama ukuta, akatazama mawe, akasema nyumba ni safi na kazi ni nzuri, akapanda gari lake akaenda zake. Kama utunzaji ungekuwa chokaa, angekuwa amesema kweli tupu. Kabla vumbi lake halijatua, mablanketi yalikunjwa kwa kufuata mikunjo ileile ya dukani, nanyi mkarudishwa ndani. Niliona komeo la mlango. Lilikuwa upande wa nje.

Hapo ndipo nilipolielewa ombi lako. Nilimwambia msimamizi kwamba naondoka nawe.

"Haiwezekani. Kililetwa na ndugu zake, kitaondolewa na ndugu zake."

"Mimi ni mtoto wa kaka yake."

Alinitazama, akaitazama njia iliyobeba gari la Bwana, nadhani akakumbuka kwamba nilisikia habari za uji. "Basi, nenda nacho."

"Naye," nilisema.

"Nini?"

"Nenda naye. Rudia."

"Mwalimu, una wazimu?"

"Sina. Rudia."

Nilisimama mlangoni, wewe umeshika kiwiko changu, na wazee wengine wamejazana nyuma yako. Nilikuwa tayari kukaa hapo mpaka mvua za masika. Mwishowe alisema, "Nenda naye," kwa sauti ya mtu anayetema mbegu. Mfua chuma akapiga makofi kwa viganja vile visivyokunjika.

Njiani, upepo ukitupiga kwenye ile nyika isiyo na mti wa kujikinga, uliniuliza, "Umemwadhibu?"

"Nimemsahihisha."

"Ni kitu kimoja," ulisema, nawe ulisema kweli.

Ulikaa kwangu mpaka ulipofariki. Ulimsumbua mke wangu kwa habari za ugali wake, ukaota jua ukutani, na kila hodi ilipobishwa uliuliza swali lako la zamani. Siku zako za mwisho ulitaka kujua nitawatangazia watu nini. Nikasema, "Nitasema amekufa." Ukasema, "Vizuri. Usije ukasahau kwa kulia." Sikusahau.

Sasa nikueleze ya jana. Mawe bado ni meupe. Ndiyo mazee pekee mle ndani yanayozidi kupendeza. Nilionja uji, nikainama, nikauona uso wangu. Komeo limepakwa mafuta ili lisipige kelele, na mjumbe wa kamati alinionyesha jambo hilo kama maendeleo.

Kwenye kitanda cha karibu na dirisha amelala yule msimamizi. Hana mtoto wa kumfuata. Macho yake yamekuwa meupe kama mawe yake. Mhudumu kijana, ambaye bila shaka alifundishwa kazi na yeye mwenyewe, alinionyesha kwa kidevu. "Hiki kimekataa uji tangu asubuhi."

"Amekataa," nilimwambia. "Kikongwe huyu amekataa uji. Rudia."

Akarudia. Aliyelala akageuza uso kuifuata sauti yangu. "Mwalimu?" aliuliza. "Ni Mwalimu?"

Sikumwitikia. Usinisifu kwa huruma, Shangazi. Sikuwa nayo jana, na leo sijaipata. Ninamdharau kama nilivyomdharau siku ile, yeye na nyumba yake na kamati inayopaka mafuta makomeo. Lakini anayedharauliwa ni mtu. Kiti hakidharauliwi.

Kamati nimeijibu hivi: nyumba yenu inafaa kwa viti, watu wasipelekwe. Wamesema jibu hilo ni kali. Hawakusema ni la uongo.

Macho yangu nayo, nisikufiche, asubuhi yana ukungu usiotoka kwa kunawa. Maandishi haya nimeyakuza kuliko kawaida yangu, na mistari inapanda. Wanaukoo wamekwisha kuanza kuniambia jinsi nyumba zao zilivyo ndogo. Sitaenda kule, nitabaki kwangu, ukutani pale ulipoota jua, mpaka siku yangu. Nawe ukinisikia nabisha hodi huko uliko, usiulize lile swali lako. Waambie tu walioko mlangoni: kipofu anakuja.

Pumzika.

Mtoto wa kaka yako