Helikopta Iliyokataa Kutua Kwetu

Mpendwa mdogo wangu Eliya,

Helikopta imetua. Naanza na hilo, maana najua salamu zangu usingezisikiliza kabla hujaambiwa.

Unakumbuka chumba chetu cha kupanga pale Majengo, na ile kompyuta ya mtumba iliyounguruma kama mashine ya kukoboa? Daktari alikuwa amekukataza safari ya kupanda mlimani nyumbani; figo zako zisingehimili. Krismasi ikaja, ukoo mzima ukapanda, sisi tukabaki mjini na mtori wa mama, supu yake ya ndizi, kwenye chupa ya chai. Ndipo ukaamua tutengeneze mchezo wa helikopta, utue mwenyewe uwanjani kwetu.

Kuruka kulikuwa rahisi. Kutua, aisee! Mwanzoni ilizama ardhini hadi tumboni. Tukayapa magurudumu springi, ikadundadunda kama mpira. Tukaongeza shokapu, ikatulia, kisha ikaanza kuserereka polepole mpaka kwenye migomba ya jirani. Uwanja wetu una mteremko, nani asiyejua? Nilichoka, nikasema tuusawazishe kwenye programu tumalize. Ulikasirika kweli.

"Dada, ukiusawazisha, hapo si kwetu tena."

Nilikuona mbishi tu. Lakini wewe ndiye kitindamimba, kihamba cha baba, shamba letu la urithi, kilikuwa chako kwa desturi, na kila jiwe lake ulilitaka mahali pake. Masika yalipoanza ukafariki. Gari lililokupandisha lilikwama kwenye tope, vijana wakalisukuma hadi mlangoni. Ndivyo ulivyofika nyumbani. Iliniuma, na bado inaniuma.

Juzi nimegundua tulipokosea. Ardhi tuliipima mara moja tu, chini ya tumbo la helikopta, tukayapa magurudumu yote jibu hilohilo. Sasa kila gurudumu linapima pake. La upande wa juu hugusa kwanza, mengine hufuata, springi moja moja hubonyea, na tairi hushika udongo. Inakaa upande kidogo, ila haitelezi.

Jumapili nilimwonyesha mama. Aliutambua uwanja, banda la ng'ombe, hata mimea ya masale ya mpakani. Alitazama mapanga ya helikopta yakipunguza mwendo mpaka yakasimama. Akangoja. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mbona hashuki?"

Muda wote ule tulihangaika na magurudumu, Eliya. Mtu wa kushuka hatukuwahi kumtengeneza.

Lala salama hapo mteremkoni,
Dada yako